Nyufa si cheti cha kuzaliwa cha mbwa wa Staffordshire

Wale mbwa weupe wa udongo wenye masikio ya rangi ya kutu na mnyororo wa dhahabu shingoni, waliotengenezwa Staffordshire, Uingereza, katika karne ya 19 na kuuzwa wawili wawili wa kupamba rafu ya juu ya meko, wana balaa moja. Mtu akiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, anaapa kuwa ni wa kale.

Nyufa hizo hutokea pale ngozi ya kioo iliyopakwa juu inaposinyaa kuliko udongo ulio chini yake. Hata mbwa wa juzi anaweza kutoka nazo tanurini. Walaghai humkolezea chai mistari iwe ya kahawia, na kweli anapendeza!

Mimi humpindua kwanza. Wengi wa zamani walikandamizwa kwa mkono ndani ya kalibu, hivyo ni wazito, na chini wana kitundu kidogo tu cha kutolea hewa motoni. Nakala nyingi za sasa humiminwa kwa uji wa udongo, kisha uji unaobaki humwagwa. Ndiyo maana ni nyepesi, na tundu lao huingia kidole. Dhahabu nayo: inayong'aa kama kioo ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, hivyo mbwa mwenye nayo huenda si wa kabla ya hapo.