Usiniambie "karibu na Mtumba" kabla hujaniambia mtoto atashinda wapi

"Mkuu, nimehamishiwa Dodoma, nina watoto wawili wadogo, nitafutie nyumba karibu na Mtumba." Ujumbe huu hunijia mimi mtafuta nyumba kila msimu wa uhamisho, karibu neno kwa neno, na anayeutuma huwa ameshamaliza kufikiri. Ofisi iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, basi nyumba iwe Mtumba au jirani yake Ihumwa, mengine yatajipanga. Hayajipangi. Mwezi wa pili simu inapigwa tena: mkuu, tunataka kuhama. Kodi ya miezi sita imeshalipwa na mwenye nyumba harudishi hata senti.

Kwanza soma vizuri barua yako. Dodoma ni makao makuu, lakini si kila taasisi iko kwenye Mji wa Serikali. Nyingine zipo mjini, nyingine upande wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Na hata kama wewe unakwenda Mtumba, mwenzi wako je? Kama ni muuguzi au mwalimu wa mjini, "karibu na kazi" ni karibu na kazi ya nani?

Kwa kijana asiye na mtoto, nyumba ya karibu na ofisi haina ubaya. Kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka saba, ofisi ndiyo sehemu ya mwisho kupimwa. Mtu mzima anaweza kupanda basi la watumishi akasinzia kilomita 17 kutoka katikati ya mji hadi Mtumba na asidhurike. Mtoto ndiye asiyehimili njia ndefu, ndiye anayeshikwa na homa saa tano usiku, ndiye mwenye kliniki ya kila mwezi na chanjo zenye tarehe zake.

Tufanye hesabu, maana maneno matupu hayamshawishi mtu aliyekwisha kuona picha ya nyumba yenye vigae vya kung'aa. Tuseme nyumba iko kilomita 3 tu kutoka ofisini, na kituo cha kulea watoto mlichokipenda kiko mjini, kilomita 17 kutoka ofisini. Asubuhi unarudi nyuma kilomita 14 kumshusha mtoto, kisha unageuza kilomita 17 kwenda kazini. Hizo ni 31. Jioni ni hivyo hivyo, jumla 62 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi unapata kilomita 1,364, na gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 136 kwa mwezi. Sasa weka nyumba mjini, kilomita moja kutoka kituo hicho hicho, kituo kikiwa kwenye njia ya kwenda kazini, na safari nzima ya asubuhi iwe kilomita 18. Kwa mwezi ni 792, lita 79 hivi. Nyumba ya "karibu na kazi" imekula lita 57 zaidi, na mtoto amekaa kiti cha nyuma kilomita 28 kila siku, nusu yake akiwa analia.

Utasema: si tutafute kituo huko huko karibu na ofisi? Sawa kabisa, kama kipo, kama kina nafasi na kama umekiona kwa macho yako. Huduma za upande ule zinaongezeka. Ninachokipinga ni kulipa kodi kwanza halafu kuanza kuulizia vituo. Anza na kituo au shule, ifuate nyumba, kisha usafiri wa mtu mzima.

Halafu kuna saa. Kazi za serikali zinaanza saa 1:30 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri, kwenye karatasi. Kama kituo kinafungua geti saa 1:00 na basi lenu linaondoka saa 12:30, hata kiwe mlango wa pili hakikufai. Jioni ndiyo pagumu zaidi, kwa sababu kikao cha saa 9 hakijui kwamba kituo kinafunga saa 10:30. Usiulize tu "mnafunga saa ngapi?", maana kila mtu atakupa saa nzuri. Uliza: mtoto ambaye mzazi wake amechelewa anabaki na nani, na mlezi huyo anaondokaje? Kisha nenda mwenyewe saa 10 jioni bila taarifa, ukasimame pale getini. Utaona nani anakabidhiwa mtoto na kama kuna anayeandika. Tazama pia walezi wangapi wamebaki. Nenda tena saa saba mchana, saa ya kulala. Vituo vingi vinapendeza saa nne asubuhi watoto wakiimba. Saa saba ndipo utajua kama kuna magodoro ya kutosha au wanalazwa wanne wanne. Usajili wa kituo muulizie afisa ustawi wa jamii.

Kuna familia moja tu ambayo "karibu na ofisi" inaishinda kanuni yangu, nayo ni ya mama anayenyonyesha. Likizo ya uzazi ni siku 84, maana yake anarudi kazini mtoto hajatimiza miezi mitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa hadi saa mbili za kunyonyesha ndani ya siku ya kazi. Saa mbili ni nyingi mtoto akiwa umbali wa dakika 10. Akiwa dakika 45 kwa daladala, zote zimeishia barabarani. Hapo namwambia mama achukue nyumba ya karibu na amweke dada wa kazi nyumbani. Ila asisaini mwaka mzima. Mtoto wa miezi mitatu leo, ndani ya mkataba huo huo atakuwa anatembea na anatafutiwa kituo, na hesabu yote itakuwa imegeuka.

Shule nitazipitia haraka. Awali ni mtoto wa miaka mitano, darasa la kwanza sita. Anayehama katikati ya mwaka akiwa darasani aje na namba yake ya PREM, yaani ya usajili wa mwanafunzi, na uhamisho ufanyike kwenye mfumo, si kwa barua ya mwalimu mkuu peke yake. Gari la shule: usiulize kama linafika mtaani kwenu, uliza mtoto wako atakuwa wa ngapi kupakiwa. Wa kwanza anazunguka na wenzake wote. Shule ya dakika 15 inakuwa saa nzima na anaamshwa saa 11 alfajiri. Na wanaosema "tutampeleka bweni", bweni kwa awali hadi darasa la nne serikali ilishalipiga marufuku mwaka 2023. Futa kwenye mipango.

Sasa maji, ambayo kila mpangaji anayaulizia vibaya. "Maji yapo?" "Yapo." Mazungumzo yameisha, na hujui chochote. Dodoma ina mgao, na ratiba inatofautiana mtaa kwa mtaa. Swali ni hili: yanakuja siku zipi, saa ngapi, na yanapanda hadi kwenye tangi bila pampu? Msukumo wa bomba la mtaani unaweza kujaza ndoo uani na ukashindwa kupandisha maji kwenye mnara wa mita nne. Ikiwa hivyo, panatakiwa tangi la chini na pampu, na lazima ujue pampu inakula umeme wa mita ya nani. Mita ya LUKU ya kuchangia na pampu ya kuchangia ndizo chanzo cha nusu ya ugomvi wa wapangaji mjini hapa. Omba mita yako. Na ujue kwamba kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo kubalianeni mapema kama itatoka kwenye pango.

Familia ya watu watano yenye mtoto wa nepi za kitambaa, mimi naihesabia lita 350 kwa siku: kufua, kuoga, choo cha kuvuta, vyombo. Maji yakija mara moja kwa siku tatu ni lita 1,050. Tangi la lita 1,000 limeshafeli kabla mgeni hajaja, tena yale maji yaliyo chini ya mdomo wa bomba la kutolea hayatoki. Dai tangi la lita 2,000 kwa familia moja; kama mnachangia nyumba mbili, 5,000 si anasa. Panda ngazi uchungulie ndani. Alama ya tope kwenye ukuta wa tangi itakuonyesha maji huwa yanafika wapi, na alama hiyo haimwogopi mwenye nyumba. Kisha fungua bomba la jikoni, la kunawia na la mvua kwa pamoja. Tangi la kwenye mnara wa mita 4, na bomba la mvua likiwa mita 2 juu ya ardhi, linakupa robo ya baa (kipimo cha msukumo) au pungufu, na hita nyingi za bafuni haziwaki kwa msukumo huo. Juni na Julai, usiku wa Dodoma unapopoa, utakuwa unamchemshia mtoto maji kwenye sufuria.

Ladha nayo. Nyumba nyingi zina kisima badala ya bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, au vyote viwili vimeunganishwa na hakuna anayekuambia. Chemsha maji kwenye birika mara tatu nne, uangalie ukoko mweupe. Watu wananijibu "tutachemsha". Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi wala floraidi. Maji yanapopungua, vilivyobaki vinazidi kukolea. Ukihamishiwa Arusha, Manyara au Singida swali hili ni zito zaidi, kwa sababu floraidi ya huko katika maeneo mengi inapita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kudumu yanajengeka ndani ya taya miaka hiyo hiyo ya utotoni. Maji ya kisima yapimwe maabara. Ya kunywa na ya uji wa mtoto, nunua.

Nyumba yenyewe ikague kwa kuchuchumaa, si kwa kusimama. Mifuniko ya chemba: ikanyage, inyanyue. Mfuniko mwepesi au uliopasuka ni shimo linalomsubiri mtoto. Tangi la chini liwe na kufuli. Ngazi na kibaraza viwe na vyuma vya kusimama, nafasi isiyopitisha kichwa cha mtoto, na visiwe vya kulala kwa sababu atavipanda. Geti lisifungukie barabarani moja kwa moja. Nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha huenda ni dalili kwamba udongo wa chini unavimba na kunywea. Piga picha zenye tarehe kabla ya kusaini, usije ukadaiwa wewe.

Wengi wanakagua Agosti na kuhamia Januari. Mvua Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na shule zinafunguliwa katikati yake. Ule mchanga mweupe mnaoukatiza kwenda kituoni ni korongo. Ikinyesha milimani linajaa kwa muda mfupi mno, na bodaboda atakuambia "tunapita tu". Msipite. Chora njia ya mtoto ukiangalia madaraja, na kama hakuna njia ya pili isiyokatiza korongo, nyumba hiyo si ya kwako. Kiangazi ni vumbi: upepo unavuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo nyumba iliyo magharibi ya barabara ya udongo inapokea vumbi lote. Mwenye mtoto wa pumu akilihesabu hilo hakosei.

Kanuni yangu, kwa kifupi, ni kwamba mzazi mmoja aweze kumfikia mtoto ndani ya dakika 20, na kutoka nyumbani hadi kituo cha afya chenye huduma ya usiku pia iwe dakika 20. Hizo dakika hazitoki kwenye utafiti wowote, ni makadirio ya kazi. Na zina udhaifu: wazazi wote wawili wakiwa Mtumba na kituo kiko mjini, kanuni inavunjika mchana, labda awepo bibi au jirani mwenye ruhusa ya maandishi ya kumchukua mtoto. Wauguzi wa zamu za usiku siwapi jibu zuri hata leo. Dada wa kazi akiondoka ghafla, ramani yote inachanika, na sijaona nyumba inayozuia hilo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, wapo wanaoacha familia Dar na kurudi kila Ijumaa. Zamani nilikuwa naipinga njia hiyo waziwazi. Kwa miezi michache ya kumalizia mwaka wa shule, siipingi tena. Kwa miaka miwili na mtoto mchanga, bado sishawishiki.

Kwa hiyo ukinitumia ujumbe, acha picha za sebule unazozipenda. Niandikie umri wa kila mtoto kwa miezi, ofisi ya kila mzazi na saa za kuingia na kutoka, kama mna gari moja, mawili au hamna, kama dada analala ndani, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na mwisho kabisa bajeti ya kodi. Ukishakuwa na kituo kilichokupa nafasi, weka na jina la mtaa wake. Nyumba tutaitafuta kuanzia hapo kwenda nje, na kama mwenye nyumba atakubali miezi mitatu ya mwanzo badala ya sita, mpe hata nyongeza ya elfu ishirini kwa mwezi.