Moto shambani haurutubishi udongo

Kila msimu wa kuandaa mashamba, mabua ya mahindi huchomwa kwa imani kwamba moto hurutubisha ardhi. Imani hiyo ina ukweli kidogo: majivu yana potasiamu na kalsiamu, ndiyo maana mazao ya msimu wa kwanza huweza kustawi. Lakini kaboni na sehemu kubwa ya naitrojeni, ambayo mahindi huihitaji sana, hupaa na moshi. Mvua kubwa ikinyesha, hata majivu huoshwa.

Mabua yakiachwa yalale juu ya udongo, kazi hufanywa na kuvu, bakteria na wadudu. Funua tabaka hilo wiki chache baada ya mvua: utaona nyuzi nyeupe za kuvu zimeshikamana na bua lililolainika, na majongoo wakilitafuna. Kinachobaki ni mboji, nayo hushika maji.

Tahadhari moja. Mabua makavu yana naitrojeni kidogo, kwa hiyo bakteria huichota kwanza udongoni na mahindi machanga yanaweza kuwa na majani ya njano. Inasikitisha kuona mkulima akirudia kiberiti kwa sababu hiyo, ilhali samadi iliyoiva vizuri ingetosha.