Behewa la Birkenau: nauli, ratiba na mbao

Kwenye jukwaa la kushushia watu, ndani ya iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz-Birkenau nchini Poland, limesimama behewa moja la mizigo. Liliwekwa hapo mwaka 2009 kwa kumbukumbu ya Wayahudi wa Hungaria. Ukarabati wake uligharamiwa na Frank Lowy, mfanyabiashara wa Australia. Baba yake, Hugo, alifikishwa Birkenau mwaka 1944 na kupigwa hadi kufa hapohapo kwa sababu alikataa kuachana na shali yake ya sala. Mwanawe alikaa karibu nusu karne bila kujua yaliyompata.

Swali ambalo sisi wa makumbusho huulizwa kila mara mbele ya behewa la namna hii ni moja: ndilo lenyewe lililowabeba Wayahudi hadi kambini? Tunajibu kwa uangalifu, na wapo wanaodhani tunakwepa. Tunachoweza kusema ni kwamba ni la aina ileile. Mabehewa haya hayakutengwa kwa kazi hiyo tu. Leo liliweza kubeba viazi, kesho askari, keshokutwa familia zilizotolewa majumbani. Vita vilipokwisha mengi yaliendelea na kazi, yakabadilishwa mbao na kupakwa rangi upya. Lile lililomo katika makumbusho ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington, lililotolewa na shirika la reli la Poland, nalo huelezwa vivyo hivyo: ni mojawapo ya aina zilizotumika. Anayekana mauaji haya hutafuta neno moja tulilozidisha ili aitupe historia nzima, kwa hiyo ni heri kusema pungufu.

Hata hivyo, behewa lina mengi ya kuonyesha. Angalia ukubwa wake. Lile la kawaida la Kijerumani lilikuwa na sakafu ya takriban mita za mraba 21, na lilijengwa kubeba tani 15. Humo walisongwa watu 80, 100, pengine zaidi, pamoja na mizigo yao. Mlango ni wa kusukuma pembeni, na komeo liko nje. Hewa ilipita kwenye vidirisha vidogo vya juu, ambavyo mara nyingi vilizibwa kwa seng'enge. Choo kilikuwa ndoo. Kutoka Thesalonike, Ugiriki, treni ya kwanza iliondoka Machi 15, 1943 na kufika Auschwitz Machi 20. Siku tano, basi, wazee na watoto wachanga wakiwa humo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, ushahidi mzito kuliko mbao hizi ni karatasi zilizolisukuma behewa. Shirika la reli la Ujerumani, Reichsbahn, lilitoza nauli. Watu walipakiwa kama shehena lakini walilipiwa kama abiria wa daraja la tatu: pfennig (senti ya Kijerumani) 4 kwa kila kilomita, watoto wa chini ya miaka 10 nusu, wa chini ya miaka minne bure. Kundi likifika watu 400, lilipata punguzo la nusu. Walinzi walilipiwa kwenda na kurudi. Waliofungiwa ndani, kwenda tu. Safari ziliombwa na ofisi ya Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi aliyeratibu uhamishaji wa Wayahudi, nao makarani wa reli wakazipangia namba, saa na njia, wakihakikisha hazigongani na treni za jeshi. Yaani kwa kila treni kulikuwa na mtu mezani aliyejua inaenda na watu na inarudi tupu.

Barua moja inatosha. Julai 28, 1942, Albert Ganzenmüller, katibu katika wizara ya uchukuzi, alimwandikia Karl Wolff, msaidizi wa Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha Kinazi cha SS, kwamba tangu Julai 22 treni moja yenye Wayahudi 5,000 ilikuwa ikitoka Warsaw kila siku kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka. Wolff alijibu kwa shukrani na furaha. Treblinka hapakuwa na kazi wala makazi kwa maelfu hao. Karibu wote waliuawa kwa gesi saa chache baada ya kushuka.

Miaka miwili baadaye, kati ya Mei 15 na Julai 9, 1944, treni 147 ziliwaondoa Hungaria Wayahudi wapatao 440,000, wengi wao kuelekea Birkenau. Reli iliyoingia hadi ndani ya kambi ilikamilishwa mwezi huohuo wa Mei. Kabla ya hapo watu walishushwa nje.

Wolff alihukumiwa mjini Munich mwaka 1964 kifungo cha miaka 15, na barua ile ilikuwa sehemu ya ushahidi. Kesi ya Ganzenmüller ilifunguliwa Düsseldorf mwaka 1973, ikasimama alipopata mshtuko wa moyo, na haikuendelea tena. Alifariki mwaka 1996. Mashirika yenyewe yalichelewa zaidi: lile la Uholanzi, NS, lililowasafirisha Wayahudi hadi kambi ya Westerbork kwa malipo, liliomba radhi mwaka 2005, na mwaka 2019 likatangaza fidia ya euro 15,000 kwa kila manusura aliyekuwa bado hai.