Kadi tupu ya kuprogramu haifungui chaneli

Ukiambiwa hapa Ujiji kwamba kadi tupu itafungua chaneli zote za kulipia, usitoe hela. Kadi tupu iitwayo Goldwafer, ile ya rangi ya dhahabu, ina chipu mbili tu: PIC16F84 ya kuendesha programu, na 24LC16 ya kumbukumbu, kilobaiti 2. Funcard, aina nyingine ya kadi tupu, hubeba chipu ya AT90S8515 ya kuendesha programu na 24LC64 ya kumbukumbu, kilobaiti 8. Nafasi imeongezeka tu, lakini funguo za siri za kufungulia chaneli hazimo. Kadi halisi huzificha ndani ya chipu yake, na ruhusa ya kutazama hutumwa kupitia setilaiti kwa namba ya kadi hiyo.

King'amuzi kikikosa mawimbi, usiilaumu kadi: fungua kiunganishi cha waya kwenye LNB, kile kifaa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi. Mara nyingi maji ya mvua yameingia, shaba ya katikati imeota kutu ya kijani.