Kompyuta haijaishiwa kumbukumbu: dhana potofu kuhusu JACK, RAM na sauti ya wakati halisi

Ukiweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani na kuwasha seva ya sauti ya JACK, programu inayopitisha sauti kati ya kadi ya sauti na programu za kurekodi, kwa mara ya kwanza ili urekodi gitaa au uimbaji, huenda ukapokelewa na mstari unaoanza na "Cannot lock down 82280346 byte memory area" na kuishia na "Cannot allocate memory". Mashine ina RAM ya GB 16, hujafungua hata kivinjari, na bado inalalamikia kumbukumbu. Hapo ushauri humiminika, na mwingi wake humtoa mtu pesa kabla hajaandika amri mbili fupi.

"RAM haitoshi, ongeza"

Tupige hesabu. Baiti 82,280,346 ni kama MB 82. Hata laptopu ya mtumba inazo, tena inazo mara nyingi. Kinachokosekana si nafasi, ni ruhusa. JACK huiomba kerneli, yaani kiini cha Linux, iifungie data yake ndani ya RAM, yaani isiihamishie kwenye diski hata kumbukumbu ikibanwa. Kerneli haigawi ruhusa hiyo ovyo, kwa sababu programu moja yenye tamaa ingejifungia RAM nzima na kuziacha nyingine zikihema. Kwa hiyo kila mtumiaji amewekewa kikomo. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa KB 64. Kuanzia kerneli ya 5.16, mwaka 2022, kilipandishwa hadi MB 8. Vyote viwili haviikaribii MB 82.

Mkanganyiko unatokana na jambo dogo: programu inapovuka kikomo hicho, kerneli hurudisha namba ya hitilafu ileile inayotumika RAM inapoisha kweli, na skrini huonyesha maneno yaleyale. Ukiongeza RAM hadi GB 64, ujumbe utabaki vilevile herufi kwa herufi.

Fungua terminali uandike `ulimit -l`. Ukipata 64 au 8192, hizo ni KB, na umeshampata mhalifu. Kisha andika `ulimit -r`. Ukipata 0, huna pia ruhusa ya kipaumbele cha wakati halisi, yaani kupewa zamu ya prosesa mbele ya kazi nyingine, na mara nyingi mawili haya huambatana.

Kwa nini JACK ing'ang'anie kufungia data? Kwa sababu ya muda. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa (furushi la sauti linaloshughulikiwa kwa mkupuo mmoja) ya sampuli 256, seva ina milisekunde 5.3 za kukamilisha kila mzunguko. Data ikiwa imehamishiwa kwenye diski ya kuzunguka, kuitafuta tu kwaweza kuchukua milisekunde 10. Umeshachelewa kabla hujaanza, na masikio yatasikia "tak".

Wapo wanaosema ujumbe upuuzwe kwa sababu JACK huendelea kufanya kazi hata baada ya kuutoa. Ni kweli huendelea. Huendelea vizuri hadi siku umefungua mradi wenye traki 30 na sampuli nzito za piano, kumbukumbu inabanwa, na sauti inaanza kukwaruza katikati ya rekodi ambayo mwimbaji aliipatia kuliko zote. Mimi siuiti huo ujumbe wa kupuuzwa.

"Amri ya `free` inaonyesha RAM imebaki kidogo, ndiyo maana"

Unatazama safu isiyo yake. Linux hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu ikiihitaji. Safu ya kuangalia kwenye `free -h` ni `available`. Ya `free` kuwa ndogo ni dalili ya afya.

"Ukiandika unlimited, JACK itameza RAM yote"

Dawa ya kukosa ruhusa ni mistari hii miwili, wa kwanza wa kipaumbele na wa pili (memlock) wa kufungia kumbukumbu, kwenye faili ndani ya `/etc/security/limits.d/`:

`@audio - rtprio 95`
`@audio - memlock unlimited`

Hakuna hata baiti moja inayotengwa kwa kuandika hivyo. Huo ni ukomo wa juu wa kile ambacho programu inaruhusiwa kuomba. JACK itaomba kilekile ilichokuwa ikiomba, safari hii ikubaliwe. Hofu ina chembe ya ukweli, hata hivyo: programu yenye hitilafu inayovuja kumbukumbu, ikiwa na ruhusa isiyo na mwisho, inaweza kuigandisha mashine. Kama hilo linakusumbua, weka namba. Mfumo wa Linux wa Fedora kwa mfano umekuwa ikiandika 4194304 kwenye faili lake la JACK, na kwa kuwa kipimo ni KB, hiyo ni GB 4. Kwenye mashine ya GB 8 hicho ni kikomo cha busara kuliko unlimited.

"Nimeandika, nimehifadhi, hakuna kilichobadilika. Basi njia hii haifanyi kazi"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakiwa wamebakiza hatua moja. Vikomo hivi husomwa wakati wa kuingia kwenye akaunti. Kufungua terminali nyingine ndani ya kikao kilekile hakutoshi. Toka kabisa kwenye akaunti uingie upya, na ukiwa na shaka washa kompyuta upya. Kufunga mfuniko wa laptopu si kutoka.

Halafu kuna suala la kikundi. Alama ya `@audio` humaanisha watumiaji walio kwenye kikundi cha `audio`, na usipokuwemo mistari haikuhusu. Andika `groups` ujione. Kama hujaorodheshwa, andika `sudo usermod -aG audio` ikifuatwa na jina lako la mtumiaji. Ile herufi `a` usiisahau; bila hiyo utaondolewa kwenye vikundi vingine vyote, kikiwemo kile kinachokupa `sudo`, na jioni yako itakuwa ndefu. Kumbuka pia kuwa kikundi hakina jina moja kila mahali. Kwenye Debian na Ubuntu ni `audio`, kwenye Fedora JACK hutumia `jackuser`, na kwenye Arch pakiti ya `realtime-privileges` huleta kikundi cha `realtime`. Mtu anakopa mwongozo wa Ubuntu, anaupachika kwenye Fedora, kisha anailaumu kadi ya sauti.

Watumiaji wa Debian na Ubuntu wana njia ya mkato: wakati wa kusakinisha JACK huulizwa kama wanataka kipaumbele cha wakati halisi, na wengi hubonyeza hapana kwa kuharakisha. Amri ya `sudo dpkg-reconfigure -p high jackd2` hukurudishia swali hilo. Na ukikuta mafaili mawili kwenye `limits.d` yanapingana, husomwa kwa mpangilio wa alfabeti na la mwisho ndilo linaloshinda.

"Endesha JACK kama root (msimamizi mkuu wa mfumo), matatizo yote yanaisha"

Yanahama. Kwa kawaida seva ya JACK hukubali programu za mtumiaji yuleyule aliyeiwasha, hivyo Ardour, programu ya kurekodi, uliyoifungua kwa akaunti yako haitaiona seva ya root. Kisha utashawishika kuifungua Ardour nayo kama root, na mafaili ya mradi wako yatakuwa mali ya root. Tusifike huko.

"Wakati halisi maana yake kompyuta inakuwa na kasi zaidi"

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine nyingi. Mpangilio wa wakati halisi hauongezi kasi ya prosesa hata chembe. Kwa ujumla wa kazi unaweza hata kuipunguza kidogo. Kinachobadilika ni uhakika wa zamu. Mpiga ngoma anayetegemewa hasifiwi kwa mkono mwepesi, anasifiwa kwa kutokosa pigo, na seva ya sauti nayo inapimwa hivyohivyo: mizunguko 999 iliyokamilika mapema haifidii mmoja uliochelewa. Huo mmoja ndio huandikwa xrun.

Ndiyo sababu kompyuta ya bei kubwa yaweza kukwaruza huku ya mtumba ikitulia. Chanzo cha xrun mara nyingi kiko pembeni: driva ya Wi-Fi inayoishikilia prosesa kupita kiasi, kadi ya sauti ya USB iliyochomekwa kwenye hubu moja na kamera na diski ya nje, au hali ya kubana umeme inayoshusha kasi ya prosesa kila kazi inapopungua, kisha inachelewa kuipandisha. Jaribu kuzima Wi-Fi kwa muda, hamishia kadi ya sauti kwenye mlango wake peke yake, na andika `sudo cpupower frequency-set -g performance`. Fanya moja baada ya jingine, si yote kwa pamoja, la sivyo hutajua lipi lililoponya. Kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, Dar au Mombasa mwezi Februari, angalia pia joto: prosesa ikipata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe, na hakuna mstari wa mipangilio utakaoizuia.

Kutokana na dhana hiyohiyo mtu hupandisha kipaumbele hadi 99, maana ndiyo namba ya juu. Huko juu kuna kazi za ndani za kerneli yenyewe unazopaswa kuziachia nafasi. JACK ikiwa kwenye 70 inatosha kabisa. Kerneli pia huacha asilimia 5 ya muda wa prosesa kwa kazi za kawaida ili programu ya wakati halisi iliyokwama isikunyime hata kusogeza kipanya. Wapo wanaoshauri kuondoa kinga hiyo, nami sioni mwanamuziki wa nyumbani ataipata wapi faida yake.

"Bafa ikiwa ndogo zaidi, studio ni bora zaidi"

Inategemea unafanya nini. Kwa mipangilio ya kawaida ya JACK, bafa ya sampuli 1024 mara vipindi 2 (idadi ya bafa zinazopokezana) kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ukawiaji ni milisekunde 42.7. Ukijisikiliza kwa hedifoni huku ukiimba, hiyo inaudhi. Shusha hadi 256 upate 10.7. Sauti hewani husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde, kwa hiyo 10.7 ni sawa na kusimama mita 3.6 hivi kutoka kwenye spika ya gitaa, umbali ambao wanamuziki hucheza kila siku bila kulalamika. Kushuka hadi 64 ni kujitafutia xrun kwa faida usiyoisikia.

Kadi nyingi za USB hutulia zaidi kwa vipindi 3, yaani `-n 3`. Na wakati wa kuchanganya wimbo, ambapo hakuna anayeimba, rudisha 1024 bila aibu. Kama kadi yako ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta, mwimbaji atajisikia bila kungoja hata bafa ikiwa 2048.

"Bila kerneli maalumu ya RT (wakati halisi) hutoboi"

Kwa bafa ya 256, au hata 128, kerneli ya kawaida ya leo hutosha mashine nyingi. Msimbo wa PREEMPT_RT, uliokuwa nje ya kerneli kuu kwa takriban miaka 20, uliingizwa rasmi kwenye toleo la 6.12 mwishoni mwa 2024, lakini bado lazima anayeandaa kerneli auchague. Rekebisha ruhusa kwanza.

"PipeWire imekuja, hayo ya JACK yamekwisha"

PipeWire ya Wim Taymans, iliyoanza kuwa seva ya sauti ya kawaida kwenye Fedora 34 mwaka 2021, kweli imepunguza maumivu. Programu za JACK huendeshwa juu yake, na huduma ya RTKit huipa kipaumbele bila wewe kugusa faili. Lakini muda wa kukamilisha kila mzunguko ni uleule na kikomo cha memlock ni kilekile. Tena, kwa mipangilio yake ya kawaida PipeWire ikishindwa kufungia kumbukumbu hainung'uniki, kwa hiyo kutouona ujumbe ule wa JACK hakumaanishi kuwa ruhusa ipo. `ulimit -l` bado ndiyo ya kuulizwa. Mifumo kadhaa sasa huleta kikundi cha `pipewire` chenye vikomo vyake, ila kujiunga nacho ni juu yako. Ukishajiunga na kuingia upya, acha `pw-top` wazi wakati unarekodi na uangalie safu ya ERR: namba ikipanda kila unapogusa Wi-Fi, unajua pa kuanzia.