Saa ya ukutani na saa ya nyota: Kilimia kitakuwa wapi saa ngapi?

Wazee wa pwani walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogo chenye jina linalotokana na kulima. Katikati ya Novemba huchomoza jua linapozama. Aprili, giza likiingia, tayari kimeinama magharibi. Mei humezwa na mwanga wa jua, na Juni hurudi mashariki kabla ya alfajiri kupambazuka. Mkulima alitosheka kukitazama tu. Lakini anayetaka kuelekeza darubini saa na dakika fulani hana budi kupiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Dunia hujizungusha mara moja kamili kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Hiyo ndiyo siku ya nyota. Saa zetu za ukutani hufuata siku ya jua, ambayo ni ndefu kwa karibu dakika 4, kwa sababu dunia ikijizungusha huwa pia imesogea kama digrii moja katika safari yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo hulazimika kugeuka kidogo zaidi ili jua lirudi palepale. Nyota ziko mbali mno kiasi kwamba msogeo huo hauonekani kwazo. Ndiyo maana nyota ileile huchomoza dakika 4 mapema kila siku, na kwa mwezi huwa saa 2.

Kila nyota ina anwani yake angani ya mashariki na magharibi, nayo hupimwa kwa saa, kuanzia mahali jua linapokuwa siku ya sikusare ya Machi, mchana na usiku vinapolingana. Kilimia kiko 3:48. Wakati wa nyota wa mahali ulipo, yaani anwani ya nyota zinazopita juu kabisa hapo kwa saa hiyo, ukifika 3:48, basi Kilimia kiko kwenye meridiani yako, yaani juu kabisa katika njia yake. Kwa mtu wa Dar es Salaam hapo ni upande wa kaskazini, digrii 59 hivi juu ya upeo.

Tuchukue Alhamisi, tarehe 20 Novemba 2025, saa tatu kamili usiku, Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza, kugeuza saa yetu kuwa saa ya Greenwich, Uingereza, ambayo ndiyo saa ya kipimo ya wanaastronomia, ndiyo inayowaangusha wengi, tena kabla hawajagusa kikokotoo. Saa tatu usiku huandikwa 21:00; sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa 3, kwa hiyo ukitoa saa 3 unapata 18:00 ya Greenwich. Hapo ni rahisi. Sasa chukua saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa. Hiyo ni 2:00 ya Ijumaa tarehe 21, lakini Greenwich bado ni 23:00 ya Alhamisi tarehe 20. Na kwa hesabu ya kale ya pwani, ambayo siku huanza jua likizama, usiku huohuo wote huitwa usiku wa Ijumaa. Ninawasihi wanaoanza: andikeni tarehe na saa ya Greenwich kwenye karatasi kwanza, ndipo muendelee.

Kisha hesabu siku zilizopita tangu adhuhuri ya Greenwich ya tarehe 1 Januari 2000. Kwa mfano wetu ni 9,455.25; ile robo ni saa 6 kutoka adhuhuri hadi 18:00. Wanaastronomia huhesabu siku mfululizo hivi, bila miezi wala miaka mirefu, na adhuhuri ile wameipa namba 2,451,545. Kwa hiyo saa yetu tatu ya usiku inaangukia 2,461,000.25.

Zidisha 9,455.25 kwa 24.065709824, ongeza 18.697375, kisha ondoa 24 mara nyingi iwezekanavyo. Hubaki 22.00, na huo ndio wakati wa nyota wa Greenwich. Usifupishe ile namba ndefu. Ukiandika 24.0657 tu, kosa dogo linazidishwa na siku zaidi ya elfu tisa, nawe unapotea kwa zaidi ya dakika 5.

Mwisho ni longitudo. Dar es Salaam iko digrii 39.28 mashariki, gawanya kwa 15 upate 2.62. Jumla ni 24.62, ondoa 24, hubaki 0.62, yaani 0:37. Kilimia kinangoja 3:48, kwa hiyo bado kiko mashariki, na kitafika meridiani baada ya saa 3 na dakika 10 hivi: saa sita na dakika kumi usiku. Kigoma hutumia saa ileile ya Dar, ila kwao kitachelewa karibu dakika 40, maana wako magharibi zaidi kwa digrii kama 10.

Kuna njia ya kujikagua bila kikokotoo. Karibu na sikusare ya Septemba, wakati wa nyota huwa 0:00 usiku wa manane halisi wa mahali, ambao kwa Dar hugonga kama 0:23 kwenye saa ya ukutani. Ongeza saa 2 kwa kila mwezi. Kufikia tarehe 20 Novemba utapata karibu 4:00 kwa usiku huo wa manane; rudi nyuma saa 3 na dakika 23 hadi saa tatu usiku, utapata karibu 0:37. Kama jibu lako la kikokotoo liko mbali na hapo, rudi kwenye ile karatasi ya tarehe ya Greenwich.