Plutoniamu katika Vyombo vya Angani: Maswali na Majibu Kuhusu Afya

Swali: Kwa nini chombo cha angani kibebe madini ya mionzi kama plutoniamu ilhali kuna paneli za sola?

Jibu: Kwa sababu mbali na Jua mwanga haukidhi mahitaji. Katika sayari ya Zohali, mwanga ni takribani asilimia 1 tu ya ule unaotufikia duniani.

Swali: Je, ndani yake mna kinu cha nyuklia?

Jibu: Kwa kawaida hamna. Plutoniamu-238, aina ya plutoniamu inayotumika katika vyombo hivi, hutoa joto yenyewe kadiri atomu zake zinavyovunjika, na tofauti kati ya joto hilo na baridi ya nje huzalisha umeme kupitia vipande vya semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu), bila mtambo wowote unaozunguka. Perseverance, gari la utafiti la Marekani lililotua Mirihi mwaka 2021, lina kilo 4.8 za plutoniamu dioksidi, ambazo mwanzoni zilitoa joto la wati 2,000 hivi na umeme wa wati 110. Sehemu ya joto linalosalia hukinga vifaa dhidi ya baridi kali.

Swali: Madini hayo humdhuru vipi binadamu?

Jibu: Mionzi yake mikuu ni ya alfa, ambayo hata ngozi huizuia; ndiyo maana katika miaka ya 1970 baadhi ya wagonjwa waliwekewa vidhibiti mapigo ya moyo vilivyotumia plutoniamu hiyohiyo, ikiwa imefungwa ndani ya metali. Hatari kubwa ni kuivuta kama vumbi laini, kwani hukaa katika mapafu, na kiasi chake huingia katika damu hadi kwenye ini na mifupa, ambako hubaki kwa miaka mingi na kuongeza uwezekano wa saratani.

Swali: Je, roketi ikipata ajali?

Jibu: Mwaka 1964 setilaiti ya Marekani ilishindwa kufika kwenye mzingo wake, na takribani kilo 1 ya plutoniamu iliungua na kutawanyika juu angani. Tukio hilo halipaswi kupuuzwa, na ndilo lililobadilisha usanifu: sasa fueli hutengenezwa kama kauri, ambayo ikipasuka hutoa zaidi vipande vikubwa kuliko vumbi, kisha hufunikwa kwa metali ya iridiamu na tabaka za grafiti (aina ya kaboni). Mwaka 1968 roketi nyingine iliharibiwa muda mfupi baada ya kuruka California. Fueli yake iliopolewa baharini ikiwa salama, ikatumika tena.

Swali: Mtu akiokota kipande kilichoanguka kutoka angani afanye nini?

Jibu: Asikiguse wala kukisogeza, akae mbali, awazuie wengine, na aarifu polisi au mamlaka ya udhibiti wa mionzi. Mnamo Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, ambayo kwa hakika ilikuwa na kinu cha uraniamu, iliangukia kaskazini mwa Kanada, na baadhi ya mabaki yake yalitoa mionzi mikali ya gama, ambayo hupenya mwili bila kuhitaji kuvutwa wala kumezwa.